Gauti kwa mabinti: kabla hujamsingizia jirani, ulizia figo

  

Wiki hii nakuja na mada ambayo kwa haraka haraka utasema ni ya wazee wenye vitambi. Usigeuze ukurasa, bi dada. Nataka tuongelee gauti, na nataka tuiongelee kwa ajili yako wewe mwenye miaka ishirini na kitu.

Ukishuka Tangi Bovu au Africana Jumapili jioni, ukakunja kuelekea baharini, utakutana na Mbezi Beach yenyewe. Siongelei Mbezi ya Kimara kule njia ya Morogoro, naongelea hii ya upepo wa bahari. Moshi wa nyama choma umetanda, kitimoto inakaangwa, meza imejaa chupa na muziki unagonga. Katika viwanja kama hivyo, akitokea baba mtu mzima anachechemea, meza nzima inacheka: "Mzee, gauti hiyo! Punguza nyama!" Hakuna anayeshtuka.

Sasa awe ni binti wa miaka 24 ndiye anayechechemea. Hapo kila mtu anakuwa mganga. Wa kwanza atasema ni viatu vya mchuchumio. Wa pili atasema kalalia mguu vibaya. Wa tatu atamvuta pembeni na kumnong'oneza kwamba kakanyaga kitu, kuna mtu kamtegea, hebu afikirie vizuri kagombana na nani pale nyumba ya kupanga. Gauti haitajwi kabisa, kwani inajulikana kuwa ni ugonjwa wa wanaume wenye pesa.

Wanaosema hivyo wamepata nusu ya ukweli. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu, na ndiyo nataka tuichambue leo.

GAUTI NI KITU GANI?

Kwenye kamusi utaikuta kwa jina la jongo, ila mitaani wote tunaita gauti. Katika damu ya kila mtu kuna taka inayoitwa asidi ya yuriki. Inatokana na vitu viitwavyo purini, vilivyomo ndani ya seli za miili yetu na ndani ya chakula. Karibu theluthi mbili ya taka hiyo inatengenezwa na mwili wenyewe, chakula kinachangia iliyobaki. Ng'ombe na mbuzi wana kimeng'enya cha kuivunja. Binadamu tulikosa bahati hiyo, tunategemea figo ziitoe kwa mkojo, na kiasi kingine kinatoka kupitia utumbo.

Ikizidi miligramu 6.8 hivi kwa kila desilita ya damu, inashindwa kuyeyuka. Inaanza kuganda kuwa chembe nyembamba zenye ncha kama sindano, nazo hupenda kujificha kwenye viungo, hasa vya miguuni ambako mwili una ubaridi zaidi. Siku kinga ya mwili ikizigundua, vita inaanza. Mara nyingi ni usiku wa manane. Kiungo kinavimba, kinakuwa chekundu au cheusi cha kung'aa, kinawaka moto, na hata shuka likigusa tu unapiga yowe la kuamsha mtaa. Baada ya siku kadhaa kinatulia chenyewe, halafu mtu anasema "nilitumia dawa ya mti fulani nikapona". Haujapona, dada. Chembe ziko palepale zinasubiri.

Kwa wanaume wengi inaanzia kidole gumba cha mguu. Kwa wanawake mara nyingi inapiga kwingine pia: kifundo cha mguu, goti, hata vidole vya mkono. Ndiyo maana inapishana na macho ya watu.

KWA NINI MABINTI WANA AFADHALI?

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, yule Mgiriki Hippokrates, anayeitwa baba wa udaktari, alishaona kwamba mwanamke hapati gauti mpaka hedhi yake ikome. Hakujua sababu. Sisi leo tunaijua: ni homoni ya kike, estrojeni. Inazisaidia figo kuisukuma asidi ya yuriki itoke kwa mkojo. Kwa hiyo binti anayepata siku zake kama kawaida ana mlinzi wa bure ndani ya mwili, anayefanya kazi usiku na mchana.

Hata hivyo mlinzi naye anaweza kuzidiwa. Malkia Anne wa Uingereza alipotawazwa Aprili 1702 alikuwa na miaka 37 tu, na ilibidi abebwe kwenye kiti kwa sababu ya maumivu ya miguu ambayo wakati huo yalielezwa kuwa ni gauti. Pesa alikuwa nazo, madaktari alikuwa nao, na kutembea kwenda kuvikwa taji lake kulimshinda.

Na huku kwetu? Zamani gauti ilikuwa kitu adimu kiasi kwamba mwaka 1947 Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Uganda, aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki habari za mgonjwa mmoja wa gauti, mtu wa Rwanda. Mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari. Leo nenda kwenye kliniki yoyote ya Dar uone kama mtu atashangaa.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Kama binti ana mlinzi na bado gauti imeingia, lazima tuulize nani kamlewesha mlinzi. Hilo swali ndilo linalookoa maisha, kwa kuwa jibu lake mara nyingine ni zito kuliko gauti yenyewe.

MSHUKIWA WA KWANZA: FIGO NA PRESHA

Figo zikichoka, taka zinabaki kwenye damu, ikiwemo asidi ya yuriki. Ubaya wa figo ni kwamba hazina kelele. Mtu anaenda kazini, anasuka, anacheza harusini, kumbe ndani zinakwisha taratibu. Presha ya kupanda ni rafiki yake mkubwa, nayo pia haina kelele. Ndiyo maana daktari makini akimkuta binti mwenye gauti ya kweli, hamuulizi kwanza anakula nyama kilo ngapi. Anampima presha, anapima mkojo kuangalia protini, anapima damu kuona figo zinafanyaje kazi. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa msichana mguu uliovimba unaweza kuwa ndilo wingu lenyewe.

MSHUKIWA WA PILI: VIDONGE VYA KUPUNGUA

Hapa mabinti wa mjini tusikilizane. Sendofu imebaki wiki tatu, gauni limeshashonwa, zipu haipandi. Shosti anakwambia kuna vidonge vinakausha mwili chap chap. Vingi vinavyofanya hivyo ni dawa za kukojosha, ambazo hospitali huwapa wagonjwa wa moyo, presha au waliojaa maji mwilini. Ukivimeza unakojoa, mzani unashuka kilo mbili tatu, unafurahi. Kilichotoka ni maji na chumvi, mafuta yako yote yamebaki kiunoni. Huku nyuma figo zinaanza kuing'ang'ania asidi ya yuriki, na damu imepungua maji kwa hiyo kila kitu kinakuwa kizito. Dawa za kukojosha ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za gauti kwa wanawake.

Na wale mnaojishindisha njaa siku nne mfululizo mkinywa maji ya ndimu, nanyi mumo. Mwili ukikosa chakula unachoma mafuta kwa fujo, na taka zinazotokana na uchomaji huo zinagombania mlango mmoja na asidi ya yuriki pale kwenye figo. Asidi inabaki ndani. Kupungua ni kuzuri, ila kupungue pole pole.

Angalizo: kama dawa hiyo umeandikiwa na daktari kwa ajili ya presha au moyo, usiiache kwa sababu umesoma safu yangu. Rudi kwake mzungumze.

MSHUKIWA WA TATU: KILICHOMO KWENYE GLASI

Bia inaongoza. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Wanywa bia ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, wakafuatiwa na wanywa pombe kali. Bia ina kilevi kinachozuia figo kutoa asidi, na juu yake ina purini zake yenyewe. Unapigwa ngumi mbili kwa bei ya chupa moja.

"Mimi sinywi pombe, mimi ni mtu wa soda." Ngoja kwanza. Mwaka 2010 watafiti hao hao, wakiwa na Daktari Hyon Choi, walitoa matokeo ya wanawake 78,906 waliofuatiliwa kwa miaka 22, tangu 1984 hadi 2006. Aliyekuwa akinywa soda ya sukari moja kila siku alikuwa na hatari ya gauti iliyozidi kwa asilimia 74 ukimlinganisha na yule asiyefikisha hata moja kwa mwezi. Aliyekunywa mbili au zaidi kwa siku, hatari yake ilikuwa karibu mara mbili na nusu. Hata juisi ya machungwa ya kila siku ilionekana kuongeza hatari. Sababu ni aina ya sukari iitwayo fruktosi, ambayo ikivunjwa kwenye ini inazalisha asidi ya yuriki.

Nisikutishe kupita kiasi. Kati ya wanawake wote hao, waliopata gauti katika miaka yote hiyo ni 778, na wengi walikuwa watu wazima kuliko wewe. Chapati na soda ya asubuhi haitakulaza kesho. Lakini soda ya asubuhi, ya mchana na ya jioni kila siku kwa miaka kumi, hapo unaweka akiba ambayo siku moja utaitwa ukaichukue.

MSHUKIWA WA NNE: MWILI

Najua, kwetu binti akinenepa anasifiwa kwamba mjini pamempenda. Takwimu za utafiti wa taifa zinasema mwaka 2010 wanawake 22 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walikuwa na uzito uliozidi. Ulipofanyika utafiti wa 2015 na 2016, wakawa 28. Uzito ukizidi, mwili unatengeneza asidi nyingi zaidi na figo zinatoa kidogo zaidi. Weka juu yake maini rosti, supu ya utumbo, figo za kuchoma na kamba wa baharini, vyakula vyenye purini nyingi, mlinzi wetu anapigwa kutoka pande zote.

Maharage mnayasingizia bure, lakini. Tafiti zimeonyesha kuwa purini za maharage, kunde na mboga za majani haziongezi hatari kama za nyama na samaki. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta nayo yanaelekea kusaidia. Kwa hiyo wali maharage wako uendelee nao kwa amani.

MSHUKIWA WA TANO: UKOO

Gauti inatembea kwenye damu ya ukoo. Uliza nyumbani: kuna shangazi, mjomba au kaka aliyeanza kuvimba viungo akiwa kijana? Kuna aliyekufa kwa figo mapema? Yapo magonjwa ya figo ya kurithi yanayoleta gauti kwa vijana, na hayachagui wa kiume wala wa kike. Haya mambo kwetu hufunikwa. Utasikia "marehemu alirogwa", na watoto wanabaki hawajui cha kupima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine kifo chenyewe kinawaumbua wajukuu.

WASHUKIWA WALIOBAKI

Dawa za kifua kikuu. Katika miezi miwili ya kwanza ya tiba huwa kuna dawa iitwayo pirazinamidi, nayo hupandisha asidi ya yuriki. Ukisikia viungo vinauma ukiwa kwenye dozi, mwambie mhudumu wako. Tafadhali sana, usiache dozi! Kifua kikuu kinaua, na maumivu hayo yanatibika huku dozi ikiendelea.

Selimundu. Tanzania ni moja ya nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa nayo. Chembe za damu zinavunjika kwa wingi kila siku, taka zinaongezeka, na miaka ikienda figo nazo hudhurika. Ukiwa na selimundu usidhani kila maumivu ya kiungo ni yale yale uliyoyazoea.

Mwisho, dada aliyetolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, au ambaye hedhi imekatika mapema kuliko umri wake. Huyo mlinzi wake ameondoka kazini kabla ya wakati.

SI KILA MGUU ULIOVIMBA NI GAUTI

Sasa nigeuke upande wa pili, maana siku hizi Dar ukisema tu goti linauma, mtu anakujibu "gauti hiyo" kabla hujamaliza sentensi. Kwa binti, mengine yanawezekana kuliko gauti. Kuna baridi yabisi. Kuna lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na unawapenda sana wanawake vijana. Kuna kisonono, ndiyo, kile kile, kinaweza kuingia kwenye damu na kushambulia viungo. Kuna usaha ndani ya kiungo, ambao unaweza kukiharibu kwa siku chache tu.

Ndiyo maana kiungo kikivimba, kikiwaka moto, na wewe una homa, usingoje Jumatatu. Siku hiyo hiyo panda bajaji nenda hospitali.

Na kipimo cha damu peke yake kisikudanganye. Wapo wengi wenye asidi ya yuriki juu ambao hawapati gauti maisha yao yote. Wapo pia wenye gauti ambao, siku ya maumivu, kipimo kinasoma kawaida. Kipimo chenyewe hasa ni daktari kuvuta majimaji kidogo ya kiungo na kuyaangalia kwenye hadubini kama zile sindano zimo. Kama pale ulipo hawana, waulize wakupeleke ngazi ya juu.

DUKA LA DAWA SIO DAKTARI

Kinachoniumiza roho ni huu mchezo wa kuingia duka la dawa na kusema "nipe diklofenaki kumi". Leo kumi, wiki ijayo kumi, mwaka unaisha. Dawa hizi zinatuliza kweli, ila zikimezwa kiholela kwa muda mrefu zinachubua tumbo na kuzidhuru figo, hasa kama figo zilishaanza kuchoka. Umeona mtego ulipo? Figo mbovu inaleta gauti, gauti inaleta vidonge, vidonge vinamalizia figo. Binti wa miaka 26 anakuja kushtuka anaambiwa habari za kusafishwa damu kwa mashine, na gharama zake waulize waliouguza.

Ipo pia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi. Ni dawa nzuri, ila ni ya kuandikiwa na kupandishwa dozi kidogo kidogo. Kwa baadhi ya watu inaleta vipele vya hatari, ngozi ikabanduka. Ukiona upele umetoka, acha dawa na ukimbie hospitali. Usiazime vidonge vya mjomba. Na kama una mimba au unaitafuta, mwambie daktari kabla hajashika kalamu.

SASA UFANYE NINI?

Kunywa maji, joto la Dar unalijua. Soda na juisi za sukari zigeuze kuwa vitu vya sherehe. Bia ipunguze, au achana nayo. Nyama kula, ila maini na utumbo visiwe ada ya kila wikiendi. Mwili kama umezidi, upungue taratibu kwa mlo na miguu yako mwenyewe. Ufukwe uko hapo bure, asubuhi na mapema ni pazuri kuliko jimu. Presha pima hata kama huumwi kitu. Na mguu ukikuvimba bila kujigonga popote, nenda Mwananyamala, Temeke, Muhimbili au hospitali yoyote iliyo karibu nawe, ukaulize maswali matatu: Je, ni gauti kweli? Kama ni gauti, kwa nini mimi na umri huu? Na figo zangu zikoje?

Ukijibiwa la kwanza tu, usitoke. Kaa hapo hapo kwenye kiti mpaka la tatu lijibiwe.

Kaka zangu mnaosoma safu hii kwa kuibia, msicheke. Nyinyi hata huyo mlinzi wa bure hamna.

Haya, nimeongea vya kutosha, sauti imenikauka. Yule jirani mliyekuwa mkimsingizia muombeni radhi.